Vikwembe Viwili Kwenye Mfereji

Tangu nirudi siwezi kufika kwenye meza yangu ya vikwembe, vitenge vya kujifunga kiunoni, katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, bila mtu kunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Odia, ile habari ya mukwe yako iko ya kweli?" Mmoja amesikia kwamba nilimsukuma majini. Mwingine amesikia kwamba nilimlaani kwa sababu ni mzungu. Mama anayeuza mishumaa, meza ya tatu kutoka kwangu, anasema amekwisha kuzikwa na nimerudi kwa aibu. Lisemwalo lipo, na hapa kidogo lipo, lakini halikuwa hivyo. Naandika mara moja ili nisirudie mara mia. Mambo ya visa na tiketi nayaruka. Foleni mnaijua wenyewe. Na mnaotaka kujua mwisho kabla ya mwanzo, subirini kama nilivyosubiri mimi.

Kutoka Kenya hadi kituo cha treni

Nilitoka uwanja wa ndege wa Luano na masanduku mawili: moja la nguo, la pili la unga wa mahindi, sombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa na bitoyo, samaki wale wa chumvi ambao harufu yao haifichiki hata ukiwafunga vipi. Addis, tulipobadilisha ndege, nilikaa muda mrefu nikiogopa kwenda chooni nisije nikaachwa na ndege. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Likasi, mwoga kuliko mimi. Tulishikana mikono ndege ilipopaa, tukashikana tena ilipotua, na Paris kila mmoja akaenda zake bila kuuliza jina la mwenzake.

Treni ilinishusha kwenye mji mdogo wa Bourgogne, mahali ambapo binti yangu Odia ameolewa. Yeye alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, Ilunga, mjukuu niliyekuja kumlea. Aliyekuja kunipokea ni mume wake. Aliniona kwa mbali, akaita "Thérèse!" mbele ya watu wote, akanishika mabega, akanibusu shavu hili na shavu lile.

Niliogopa sana. Nyinyi vijana mnaocheka, ngojeni niwaeleze. Sisi tuliotoka Kasai, hata tuliozaliwa hapa hapa Lubumbashi na Kasai yenyewe tunaijua kwa kusimuliwa, tuna bukwe. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawatajani majina. Mmoja hali mbele ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anatoka njiani na kugeuza uso mpaka mwingine apite. Hiyo si chuki. Ni ukuta unaojengwa ili nyumba ya binti isimame, na mama yangu alinifundisha kwamba ukuta huo ukianguka, unamwangukia mkwe.

Kwa hiyo tangu siku ile nilifanya kazi ya kujenga upya. Nilimwita Baba Ilunga, kwa jina la mtoto wake. Akiingia sebuleni, mimi naingia jikoni. Akikaa mezani, nasimama na sahani yangu na kwenda kula kwenye chumba cha mtoto. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri.

Kutoka nyumbani hadi ekluzi ya kwanza

Safari ya mfereji ilikuwa wazo la mkwe. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Kwetu wakati huo ni joto la kungojea mvua, lakini kule miti yote inamwaga majani kama inayoumwa, na wao wanasema ndio wakati mzuri wa kutembea. Tungekwenda wote kwa baiskeli kando ya mfereji, Ilunga akivutwa nyuma kwenye kigari chake. Asubuhi ile Ilunga aliamka anakohoa.

"Mama, enda tu na yeye," Odia aliniambia jikoni. "Mie minabakia na mutoto."

"Na nani? Mie na mukwe yangu, sisi babili mu pori?"

"Si pori, mama. Iko njia ya bakinga. Bantu banapitaka pale."

"Bantu gani? Tangu nifike sijaona bantu kumi mu ile njia."

Odia alifunga mlango wa jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, ule bwana eko anafikiri haumupende. Kila siku anakala ku meza, unasimama. Nilimuelezea bukwe, lakini anasema: heshima gani ya kumukimbia muntu? Juzi aliniuliza kama uko unaniambia nimuache. Tunaanza kugombana juu yako, mama. Enda na yeye leo. Minakuomba."

Ukuta nilioujenga ulikuwa unaifanya nyumba iteteme. Nikakubali kwenda. Odia akanivalisha suruali yake ya baiskeli, ile inayobana hadi mtu anahesabika mifupa. Mimi sitoki mbele ya mkwe na kitu kama kile, kwa hiyo juu yake nikafunga vikwembe viwili, vizito, vya kwangu vya Jumapili. Kichwani nikavaa kitambaa, na juu ya kitambaa kofia ngumu ya plastiki. Mkwe aliniona, akacheka kwa upole, akanionyesha baiskeli ya Odia. Mimi nilikuwa nikitazama mlango.

Kuendesha najua. Nilijifunza kwenye kinga ya baba, ndivyo tunavyoita baiskeli, nikiwa msichana. Lakini mimi kinga naijua kwa kazi yake: mmewaona wale wanaume wa makala, wauza mkaa, wanaotoka upande wa Kinsevere, magunia yamepanda hadi mtu haonekani, wanasukuma alfajiri yote. Sijawahi kuona watu wazima wanapanda baiskeli tupu, hawakubeba kitu, hawaendi kwa mtu yeyote, kisha wanarudi walikotoka na kusema wamepumzika.

Mfereji ule ulichimbwa na watu zamani, mnyoofu kama ulipigwa rula. Maji hayaendi popote. Siku ile yalikuwa yamefunikwa na majani ya manjano, yamejaa mpaka ukingoni, hata hujui ardhi inaishia wapi. Juu yake ulikaa ukungu. Hakuna nyumba, hakuna anayeuza chochote, hakuna mtoto anayelia. Kwetu njia isiyo na watu ina sababu yake, na mwenye akili haulizi sababu, anageuka. Mimi sikuweza kugeuka. Nilikaa nyuma mbali, ili nisimfuate mkwe karibu, na nilikuwa naogopa maji, naogopa miti, na zaidi ya yote naogopa ule mgongo wake wa koti la buluu uliokuwa unapotea na kuonekana tena.

Kila baada ya muda alisimama kunisubiri. Nami nilisimama. Akaona nimechoka, akageuka kunifuata. Niliposikia kengele yake nilishuka, nikaingiza baiskeli kwenye majani makavu, nikageuza uso kwenye mti. Alisimama hapo.

"Kuna tatizo, Thérèse?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Hakuna, Baba Ilunga. Pita tu."

"Nipite kwenda wapi? Nimekuja kwako."

Sikugeuka. Alisubiri kidogo, akaondoka. Hilo lilitokea mara nyingi kabla hatujafika kwenye ekluzi ya kwanza.

Ekluzi ni chumba cha maji chenye kuta za mawe na milango miwili mikubwa ya chuma. Mashua inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajazwa au yanapunguzwa, nayo inapanda au kushuka kama kwenye lifti. Tulikuta mashua moja ndefu ikisubiri, na mkwe alitaka kuangalia hadi mwisho. Nilipochungulia ukutani na kuona maji meusi yako chini hivyo, nilirudi nyuma haraka. Nikaenda kujificha nyuma ya kibanda cha mlinzi.

Mlinzi wa ekluzi alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vya mpira. Alinikuta nimejibana ukutani. Alinipa kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono, akatazama upande wa mkwe, akaniinamia sikioni.

"Bibi, huyu mwanaume anakufanyia ubaya? Niambie. Nina simu hapa."

"Hapana! Huyo ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu."

Uso wake ulifunguka. "Ah, hilo naelewa," alisema. "Hata mimi wangu akija namkimbia." Akaniongezea sukari bila kuniuliza. Sikupata nguvu ya kumweleza tofauti.

Mkate chini ya daraja

Saa za mchana mkwe alichagua mahali chini ya daraja la mawe. Alitandaza kitambaa, akapanga mkate mrefu, jibini, nyama ya kopo, tufaa, na njugu kubwa za rangi ya kahawia zilizochomwa. Alikuwa amezichoma mwenyewe asubuhi kwa sababu Odia alimwambia napenda mahindi ya kuchoma. Aliweka sahani mbili, zikitazamana.

Nilichukua sahani yangu, nikashukuru, nikaenda upande wa pili wa nguzo ya daraja, nikakaa na kumpa mgongo. Njugu zile zilikuwa tamu. Nilikula huku nikimsikia hali. Hakuna sauti ya kisu, hakuna ya karatasi. Nilipomaliza na kurudi nimeinamisha kichwa, mkate wake ulikuwa mzima, naye anaurudisha kwenye mfuko. Midomo yake ilikuwa imekazwa kama ya mtoto anayejizuia kulia. Niliona aibu. Lakini nifanye nini? Nilimwogopea. Mimi ndiye niliyekuwa namlinda, na yeye ndiye aliyekuwa anaumia.

Hapo bunduki ikalia.

Mimi nimekulia mahali ambapo mlio ule una maana moja: zima taa, lala chini. Nililala chini. Niliingia na kofia yangu ya plastiki kwenye tope la chini ya daraja, na nilipofungua macho mkwe alikuwa amechutama kando yangu, mkono wake hewani karibu na bega langu, anaogopa kunigusa.

"Ni wawindaji tu," alisema. "Wanawinda nguruwe pori. Wako mbali."

Hawakuwa mbali. Mmoja alitokea kwenye ukungu juu ya daraja, mzee mnene mwenye koti la rangi ya machungwa na mbwa mwenye madoa. Alituuliza kama tumeona mnyama akipita. Aliniona nilivyolala, akavua kofia yake kuniamkia. Nilimwogopa kuliko mnyama wake. Nikamwambia mkwe kwamba Ilunga atakuwa ananihitaji, turudi.

Kurudi

Mtu angedhani njia ya kurudi ni ileile. Haikuwa. Ukungu ulishuka hadi nikawa naona gurudumu langu la mbele na majani machache tu. Mkwe alitangulia kwa mwendo mkali, nadhani kwa hasira au kwa huzuni, nami kama kawaida nilibaki nyuma. Koti la buluu likapotea. Sikuita. Ningeitaje? Bunduki ililia tena, karibu, upande wa vichaka. Nilianza kusema Baba Yetu kwa sauti, na kila nilipofika "utuopoe" nilianza upya.

Kisha nikasikia kengele yake mbele. Alikuwa anarudi kunitafuta, na kwa haraka.

Mwili wangu ulifanya ulichofundishwa. Nilishuka njiani. Lakini upande wa vichaka kulikuwa na bunduki, kwa hiyo nilielekea upande wa maji, nikasimama na baiskeli imekatiza nusu ya njia, uso nimeugeuza. Tulikuwa tumekaribia tena ekluzi, mahali ambapo ukingo ni wa mawe na umeinuka juu ya maji, na kuna nguzo fupi za chuma za kufungia mashua. Alitokea kwenye ukungu, akaona baiskeli, akakata kona. Nilisikia chuma kikigonga chuma. Alipita mbele yangu hewani, na majani ya manjano yakafunguka, yakamfunga.

Alitoka juu. Anajua kuogelea, mnielewe, alikulia kando ya maji. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki. Baadaye walisema mtulinga ulivunjika alipogonga nguzo. Koti lilikuwa limenywa maji. Ukingo wa mawe ulikuwa juu ya kichwa chake, laini na wenye utelezi, hakuna pa kushika. Alijaribu kwa mkono mmoja, akateleza, akazama, akatoka akikohoa.

Nilipiga kelele. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Tshiluba cha bibi yangu. Ukungu ulimeza zote. Nililala kifudifudi, nikamnyooshea mkono. Ndiyo, mkono wangu, wangu mimi, kwa mkwe wangu. Haukufika. Nilitafuta tawi, yote yalikuwa yameoza. Nilitafuta kamba. Nikashika kiuno changu, na pale kiunoni ndipo kamba ilipokuwa.

Wanawake wenzangu, nyinyi mnajua. Wengine niwaambie: kwetu mama anayefungua kikwembe chake mbele ya mtoto wa kiume au mkwe amemaliza maneno. Ndiyo laana ambayo hakuna iliyo juu yake. Nimeona mtaani kwetu mwanaume mzima, mwenye gari, amepiga magoti barabarani akimlilia mama mkwe asishike fundo la kikwembe. Asishike tu. Na mimi vidole vyangu vilikuwa kwenye fundo. Niliwaza: nikifungua namuua, nisipofungua anakufa. Alizama tena. Safari hii alikawia kutoka, na alipotoka mdomo wake ulikuwa umejaa maji na macho yake hayanitafuti.

Nilifungua. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa, "Si laana, Baba Ilunga, Mungu anaona, si laana," na fundo lililofungwa asubuhi kwa sekunde lilikataa kufunguka. Kikwembe cha kwanza, kikwembe cha pili. Nilivifunga pamoja, mwisho mmoja nikauzungusha kwenye ile nguzo, mwingine nikautupa. Kwa wazungu nilikuwa nimevaa suruali. Kwetu nilikuwa uchi. Kitambaa kilianguka juu ya majani, mbali naye. Nikavuta, nikatupa tena. Hakusogea. Hapo nikafanya lililobaki. Nilimwita kwa jina lake.

"Bastien!"

Aligeuza kichwa. Akaona kikwembe. Akapitisha mkono mzima, akakizungusha kwapani, nami nikavuta nikiwa nimeweka miguu kwenye mawe. Kumtoa sikuweza. Ni mwanaume mrefu, na maji yalikuwa yanamdai. Lakini kichwa chake kilibaki juu, na mimi nilibaki nikishikilia na kupiga kelele, sijui muda gani, mpaka mbwa mwenye madoa alipotokea na nyuma yake koti la machungwa. Mzee yule alilala tumboni kando yangu, akashika kitambaa, tukavuta kama watu wanaovuta ndoo ya kisima. Mlinzi wa ekluzi alikuja mbio na fimbo ndefu yenye ndoano. Mkwe alitoka mgongo mbele, wa buluu hata midomo, akatapika maji kwenye magoti yangu.

Hospitalini

Wazima moto walitufunga wote wawili kwenye karatasi za dhahabu kama chokoleti. Vikwembe vyangu walivikata kwa mkasi ili kumtoa, na sikuviona tena.

Odia alitukuta hospitalini na Ilunga kifuani. Binti yangu ana shahada mbili. Anafanya kazi kwenye maabara, anapima damu za watu, anamcheka dada yangu mkubwa, Yaya Kapinga, akiongea habari za wachawi. Alikuja kunikumbatia, kisha akasimama. Alikuwa anaangalia miguu yangu kwenye suruali ile.

"Mama," alisema polepole. "Bikwembe biko wapi?"

Nilivuta ile karatasi ya dhahabu, nikafunika magoti.

"Ulifungula mbele yake?"

"Alikuwa anazama."

"Minajua. Minajua, mama. Ulimuponyesha." Lakini hakunikumbatia. Aliketi, akamnyonyesha mtoto, na mara kwa mara alinitupia jicho kama mtu anayeangalia mbwa wake mwenyewe aliyeuma mgeni.

Siku ya pili homa ilimpanda mkwe. Daktari, msichana mwenye nywele fupi, alieleza kwamba maji machafu yaliingia kwenye mapafu, wanampa dawa, inabidi kusubiri. Siku iliyofuata homa ilizidi. Akaacha kula. Nilimsikia Odia bafuni amefungua maji ili asisikike akilia. Nilifunga mlango wa chumba cha mtoto nikampigia simu Yaya Kapinga, ambaye ndiye tunayemuuliza mambo haya tangu mama afariki.

Nilimweleza yote.

"Ulitamka maneno?" aliuliza.

"Nilisema si laana."

"Na kikwembe, ulimutupia ao ulimupigia?"

"Nilimutupia akikamate. Nilimuvuta nacho, yaya."

"Basi sikiliza. Mukwe yako alikufa mu ile mayi. Ule mwenye ulivuta inje si mukwe. Kikwembe kinabebaka mutoto, hakibebake mukwe. Sasa unamuogopa ya nini? Uko unamuacha mutoto na njala mu hopitali na unaniita mie?"

"Na kama nadanganyika, yaya? Kama nikienda nikaongeza?"

"Bukwe imekwisha kupasuka, wee mwanamuke. Haiwezekane kuivaa vile. Mupikie. Umulishe na mukono yako, na ukule mbele yake. Kama hautakula, njo utajua kama ilikuwa laana."

Akakata.

Kutoka jikoni hadi kitandani

Nilisonga bukari, ugali wetu, kwenye jiko la binti yangu. Nilichemsha sombe, nikakaanga bitoyo hadi jirani wa juu akafungua dirisha. Odia aliingia, akaona, akanitafutia bakuli lenye kifuniko, akalifunga kwa taulo lisipoe. Ilunga hakuruhusiwa wodini, kwa hiyo binti yangu alibaki naye kwenye gari na mimi nikapanda peke yangu.

Muuguzi mlangoni alinusa, akaniambia kwa adabu kwamba mgonjwa amekataa hata supu. Nikamwambia mimi ni mama. Hakusema "mama mkwe?" Aliniachia njia.

Alikuwa amelala, mkono wa kulia umefungwa kifuani, uso umekuwa mdogo. Alifungua macho. Niliogopa, nawaambia kweli. Alipokuwa anazama sikuwa na nafasi ya kuogopa. Pale nilikuwa nayo yote. Nilitaka kugeuza uso. Niliketi kwenye kiti.

"Thérèse," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza mchanga. "Naomba kukuuliza. Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Wiki zote hizi unaondoka nikikaa. Odia anasema ni heshima. Nilijaribu kuamini. Kisha pale majini nikakuona umesimama, unaniangalia, umeshika kiuno, na nikafikiri: anangoja."

Maneno yale yalinichoma. Niliweka bakuli kwenye meza ya kitanda, na kwa Kifaransa changu cha soko nikamweleza fundo la kikwembe: lina maana gani, na nilikuwa nangoja nini. Nilimweleza kwamba nilidhani namuua. Nilimweleza kwamba hata sasa sijui kama sijamuua. Alisikiliza macho yamefumba, na sikujua kama analala au anaelewa.

"Na bado ulifungua," alisema.

Nilinawa mikono kwenye sinki la wodi. Nikamega tonge dogo, nikalizungusha, nikachota sombe na kipande cha samaki, nikampelekea mdomoni. Vidole vyangu viligusa midomo yake. Ilikuwa ya moto. Alitafuna polepole, akakunja uso kwa chumvi ya bitoyo, akameza. Nikampa lingine. La tatu alilikataa.

"Na wewe?" aliuliza.

Nilimega tonge langu. Nililiweka mdomoni mbele yake, nikitafuna huku machozi yananishuka, na lilichukua muda mrefu kushuka, lakini lilishuka. Yeye alikuwa ananiangalia mpaka usingizi ukamchukua. Muuguzi alikuja kupima homa, akatikisa kichwa: bado iko juu. Nilibeba bakuli langu nikashuka kwa Odia, nikamwambia amekula kidogo.

Asubuhi simu ilianza kulia jikoni wakati Odia yuko bafuni. Ilikuwa namba ya hospitali. Niliiacha ilie. Iliacha, ikaanza tena, na mimi nimesimama mbele yake nimeshika ukingo wa meza, kwa sababu kama hospitali inapiga mapema hivi, habari ni moja. Mwishowe nikaipokea, nikaiweka sikioni.

"Mama?" ilisema sauti ile ya mchanga. "Mama, nina njaa."

Nilikata bila kuaga, nikaweka maji ya bukari motoni.